Umepewa uakitekti kwenye mradi wa klaudi? Anza na haya

Siku hizi kampuni nyingi Dar, Nairobi, hata Kigali zimeshahamishia mifumo yao klaudi (kompyuta za kukodi zinazofikiwa kwa intaneti) au ziko njiani, sasa kinachotokea ni kwamba yule deva (mwandishi wa programu) aliyeuzoea mradi anaitwa na bosi anaambiwa kuanzia mwezi huu wewe ndo akitekti (mchoraji wa mfumo mzima), basi, cheo kimebadilika na maelezo mengine hamna. Baada ya muda anaanza kujiuliza kazi yake hasa ni ipi, maana kodi (maandishi ya programu) wanaandika wengine, kuongea na wateja yupo meneja wa mradi, kutesti kuna watu wake, yeye anajikuta tu anaitwa kwenye kila kikao na jioni haoni alichokifanya. Hii naandika kwa ajili ya huyo mtu. Mifano mingi nitaitoa Salesforce, jukwaa la klaudi la kutunza wateja na mauzo, kwa sababu ndo ninayoshinda nayo, ila kama uko kwenye Dynamics, SAP au Oracle mambo ni yale yale, majina tu ndo yanabadilika.

Kitu cha kwanza uelewe, mfumo wa klaudi wa kampuni kubwa hauna siku unakwisha ukafunga ofisi. Juu yako biashara inabadilika, leo bima ya afya kesho wanataka na mikopo, chini yako mwenye jukwaa naye anabadilisha vitu vyake, Salesforce wanatoa matoleo 3 kila mwaka, Spring, Summer na Winter, na hamna namna ya kuwaambia hili la sasa hivi mimi naliruka. Wewe umekaa katikati hapo. Kwa hiyo kazi yako kubwa ni kujua maamuzi gani yakishafanyika hayarudi nyuma, hayo uyashikilie mwenyewe uyachimbe mpaka mwisho, na yale yanayorudishika uwaachie wenzako wayafanye haraka bila kukusubiri. Akitekti anayetaka kupitisha kila kitufe na kila skrini anauchelewesha mradi bure, alafu siku linakuja jambo zito kweli anakuwa ameshachoka na watu wameshamchoka.

Yasiyorudi nyuma

Nitatumia kampuni moja ya kufikirika ili tuelewane: kampuni ya bima, iko Tanzania na Kenya, inauza kwa mtu mmoja mmoja na kwa waajiri na vikundi, malipo mengi yanaingia kwa simu.

Siku ya kwanza kuna vitu vinaonekana vidogo sana kwenye seting, ni kubonyeza tu. Sarafu nyingi kwa mfano. Kampuni ina shilingi ya Tanzania, shilingi ya Kenya na dola, mtu anaona si niwashe tu tuendelee, na kweli inabidi iwashwe, ila Salesforce ukishawasha sarafu nyingi huzimi tena. Person Accounts vilevile, ile namna ya kumweka mteja binafsi bila kumtengenezea kampuni hewa, ukiiwasha imewaka moja kwa moja, na programu nyingine za nje ambazo hazikutegemea hiyo namna zinaanza kusumbua. Sisemi usiwashe. Nasema hilo lisifanywe na mtu mmoja saa 11 jioni kwenye mfumo wa laivu (unaotumika kazini) kwa sababu tiketi ilisema hivyo, likae kwenye sandiboksi (nakala ya mfumo ya kujaribia) kwanza, idara ya fedha waje waone ripoti zao zitatokaje, wewe usaini.

Lingine ni hili la nchi mbili: mfumo mmoja kwa wote au kila nchi na wake? Hapo watu wanabishana kwa hisia sana. Mimi naangalia mambo matatu, je wateja ni wale wale wanaovuka mpaka au ni tofauti kabisa, je taratibu za kazi zinafanana kiasi gani (za Tanzania na Kenya kwenye bima hazifanani kama watu wanavyodhani), na je kuna timu moja itakayoutunza au mbili ambazo haziongei. Kama wateja ni tofauti, taratibu tofauti na timu mbili, kuwalazimisha kwenye mfumo mmoja ni kuwatengenezea ugomvi kila wiki ya kudiploi (kupeleka mabadiliko laivu). Lakini ukigawa, ujue kuja kuiunganisha baadaye ni mradi mzima unaojitegemea wenye bajeti yake, kwa hiyo swali hilo liulizwe mapema na lijibiwe na watu wenye mamlaka ya kulijibu.

Alafu kuna mahusiano ya data, mtoto na mzazi. Ukiweka master-detail (rekodi moja kufungwa chini ya nyingine), mtoto anafuata ruhusa za mzazi, anayemwona mzazi anamwona mtoto. Sasa fikiria rekodi ya madai ya matibabu iko chini ya akaunti ya mwajiri, afisa mauzo anayehudumia huyo mwajiri ana haki ya kuona akaunti, ghafla anaona na magonjwa ya wafanyakazi. Hapo hamna aliyevunja sheria ya mfumo, mfumo umefanya vile ulivyochorwa. Mchoro wa nani anaona nini uchorwe kabla ya mchoro wa meza za data, watu wengi wanafanya kinyume.

Namba ya simu haimtambulishi mteja

Hapa naomba tukae kidogo maana ndo penye maumivu mengi kwa mazingira yetu.

Karibu kila mradi utakaoukuta umemtambua mteja kwa namba ya simu. Ni rahisi, kila mtu anayo. Sasa angalia kinachotokea. Tawi la Arusha wameandika 0712, kituo cha simu wameandika +255712, kampuni ya simu inakuletea malipo 255712, mteja mmoja tayari ni watu watatu. Hiyo ni nyepesi, unaamua muundo mmoja na unasafisha kila namba inapoingia, mlangoni, kabla haijagusa databesi. Nzito ni kwamba namba inahama mtu. Laini isipotumika muda mrefu inachukuliwa na kuuzwa upya, mteja mpya anaanza kupokea meseji za bima za mtu mwingine, na hizo meseji zina jina la hospitali ndani.

Na namba inahama mtandao pia. Kenya kuhama mtandao na namba yako kulianza 2011, Tanzania 2017, lakini bado nakuta kodi inayosema ikianza na 074, 075 au 076 hiyo ni Voda peleka huku. Hiyo kodi inadanganya, na inadanganya kwa wateja wachache ambao ndo hao hao watakaopiga simu kila siku kulalamika malipo hayaonekani.

Tukija kwenye kitambulisho cha taifa, namba ya NIDA ina tarakimu 20. Safi, ni ya mtu mmoja. Ila data za mwajiri zinakuja kwenye Excel, na Excel inatunza tarakimu 15 tu za namba, zinazobaki inazigeuza sifuri. Mtu wa rasilimali watu akishika faili la wafanyakazi ambalo namba zimeandikwa bila vistari, akalifungua na kulisevu, tarakimu 5 za mwisho zimekufa na hamna kengele itakayolia. Unakuja kuingiza watu 800 unaona wengi wanagongana au hawapo kabisa kwenye uhakiki. Dawa yake sio kuwapa watu semina ya Excel. Wape fomu ya kupakia yenye safu iliyokwisha wekwa kama maandishi, alafu mlangoni kagua: tarakimu 20? nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa inayoeleweka? tano za mwisho zote sifuri? Rudisha faili na maelezo ya mstari upi una shida. Huo ukaguzi deva anaumaliza mapema tu, akitekti ndo anatakiwa awe amejua kwamba unahitajika.

Kwa hiyo mteja mpe namba yako mwenyewe ya ndani isiyo na maana yoyote, simu na NIDA na pasipoti zikae pembeni kama vitambulisho vyake, kila kimoja na tarehe ya kuanza na ya kuisha. Hilo likifanyika mapema utalala vizuri.

Jambo linalofanana na hilo: majina ya biashara usiyaweke kama thamani kwenye data. Novemba 2024 Tigo Tanzania ikawa Yas, na Tigo Pesa ikawa Mixx by Yas. Kwenye mfumo ulioandikwa "Tigo Pesa" kwenye triga (kodi inayojiendesha rekodi ikisevuwa), kwenye ripoti, kwenye fomula na kwenye intagresheni (kiungo na mfumo mwingine), hiyo ni kazi ya kutafuta na kubadilisha kila mahali huku ukiomba Mungu hujaruka sehemu. Kwenye mfumo ambao ndani imeandikwa alama fupi tu, tuseme MNO_02, na jina linaloonekana kwa mtumiaji liko sehemu moja, ni kubadilisha neno moja umemaliza.

Malipo ya simu, hapa usiachie mtu afanye peke yake

Chukua STK Push ya M-Pesa ya Kenya (ombi la malipo linalotokea kwenye simu ya mteja) kupitia Daraja, mlango wa M-Pesa kwa mifumo ya nje. Unatuma ombi, unajibiwa papo hapo, ResponseCode 0 na CheckoutRequestID. Deva mgeni anaona 0 anafurahi, anaandika amelipa. Hajalipa. Hiyo 0 inasema tu ombi limepokelewa, mteja ndo kwanza anaona kidirisha cha kuweka PIN kwenye simu yake. Jibu la kweli linakuja baadaye kwenye anwani yako ya kolbaki (pale M-Pesa wanapokuletea matokeo), hapo ndani ResultCode ikiwa 0 ndo amelipa na unapewa namba ya risiti, ikiwa 1032 amekataa, ikiwa 1 hana salio.

Sasa akitekti anauliza maswali ambayo hayapo kwenye mwongozo. Kolbaki isipokuja kabisa je? Basi panga kazi inayopita kila baada ya dakika kadhaa kuuliza hali ya miamala iliyoganda, na kila asubuhi linganisha na taarifa ya akaunti yenyewe, maana taarifa ya akaunti ndo neno la mwisho. Ikija mara mbili? Namba ya risiti iwe fildi ya kipekee, uingize kwa upsert (kama ipo inasasishwa, kama haipo inaundwa) kwa hiyo namba, hata ije mara kumi rekodi inabaki moja. Intaneti ikikatika katikati ya ombi, mfumo ukajaribu tena, mteja akapata vidirisha viwili na akaweka PIN vyote viwili? Kabla ya kujaribu tena uliza kwanza lile la mwanzo lilifikia wapi.

Na usiifungue Salesforce yenyewe kupokea kolbaki moja kwa moja kutoka nje. Najua inawezekana na najua ni bei rahisi. Weka kitu kidogo katikati, kinapokea, kinaandika kwenye foleni, kinajibu sawa haraka, alafu chenyewe kinaisukumia Salesforce kwa mwendo wake. Sababu ni kwamba Salesforce ina nyakati za matengenezo, na ina kufuli. Malipo mengi ya wanakikundi yakiingia kwa wakati mmoja, yote yakimgusa mzazi mmoja, kila moja linataka kumfunga yule mzazi ili lijiandike, linalosubiri likipitisha sekunde 10 linatupiwa kosa la UNABLE_TO_LOCK_ROW. Mwisho wa mwezi mishahara ikitoka ndo utaiona hiyo. Kukiwa na foleni, linarudi kwenye mstari linajaribu tena. Bila foleni, malipo ya mtu yamepotea hewani na yeye ana meseji ya M-Pesa mkononi.

Kuhusu mzazi mmoja, angalieni ile tabia ya kutengeneza akaunti ya "Wateja wa Kaunta" na kuwaning'iniza wote humo. Salesforce wenyewe wanashauri mzazi mmoja asizidi watoto 10,000, akizidi hapo mambo ya ruhusa na kufuli yanakuwa mazito. Igawe kwa tawi au kwa mwezi.

Ukomo wa jukwaa

Kwenye klaudi unashea mashine na kampuni nyingine, ndo maana kuna ukomo. Kwa Salesforce ile miamala ya kawaida (kila kazi moja ya mfumo, sio malipo): kuuliza databesi mara 100, kuandika mara 150, muda wa prosesa sekunde 10, kumbukumbu MB 6. Ile inayofanyika nyuma ya pazia inapewa zaidi kwenye baadhi ya vitu, maswali 200, prosesa sekunde 60, kumbukumbu MB 12.

Kosa la kila siku: mtu ameandika swali la databesi ndani ya lupu (mzunguko unaorudia kwa kila rekodi) kwenye triga. Akijaribu kwenye skrini anasevu mteja mmoja, swali moja, inapita, mtu wa kutesti naye anasevu mmoja, inapita, bosi anaonyeshwa, anapiga makofi. Siku mwajiri analeta wafanyakazi 800, Salesforce inaziingiza kwenye triga kwa mafungu ya 200, kwenye fungu la kwanza swali la 101 linagonga ukuta, "Too many SOQL queries: 101", na fungu zima linarudi.

Wewe kama akitekti huendi kumrekebishia kodi. Unaweka sheria ya nyumba: obijekti (aina ya rekodi) moja triga moja, na kila triga ina testi ya rekodi 200, bila hiyo haiendi laivu. Na unaweka macho kwenye kitu ambacho deva mmoja mmoja hawezi kukiona, kwamba Flow (kazi za otomatiki za kuchora bila kodi) iliyotengenezwa na admini wa mauzo na Apex (lugha ya kodi ya Salesforce) ya deva wa malipo zinakula kwenye sahani moja ya ukomo. Kila mmoja peke yake yuko sawa, wakikutana kwenye rekodi moja wanaanguka. Lazima kuwe na orodha ya nini kinatokea rekodi ya mteja ikisevuwa, kwa mpangilio, na orodha hiyo mwenye nayo ni wewe.

Asilimia 75 ya kodi ifunikwe na testi, hiyo ni lazima ya Salesforce kabla Apex haijaingia laivu. Usijivunie. Unaweza ukafika 75 kwa testi ambazo zinakimbiza kodi bila kuangalia jibu lolote. Fungua testi mbili tatu kila wiki usome zinathibitisha nini, utajua hali ya mradi kuliko kwenye ripoti yoyote.

Matoleo yakija

Weka tarehe za matoleo kwenye kalenda ya mradi mwanzoni mwa mwaka. Sandiboksi za priviu zinapata toleo wiki kadhaa kabla ya laivu, hakikisha angalau moja yako iko kwenye kundi hilo na testi zako zinakimbia humo. Kusoma maelezo ya toleo lote hutaweza, ni marefu mno, wewe anza na ukurasa wa Release Updates kwenye Setup, pale ndo kuna vitu vyenye tarehe ya kulazimishwa.

Alafu kuna kustaafu. Workflow Rules na Process Builder, njia za zamani za otomatiki kabla ya Flow, sapoti yake imeisha 31 Desemba 2025, zilizopo zinaendelea kukimbia ila zikiharibika hamna wa kukutengenezea. API za zamani (milango ambayo mifumo mingine inaongea na Salesforce) kuanzia 21.0 mpaka 30.0 zimezimwa kwenye Summer 2025, kwa hiyo ile intagresheni ya uhasibu iliyoandikwa mwaka 2013 na mtu ambaye hayupo tena kazini, inaweza kuwa ndo imekufa hivi na wahasibu wanadhani tatizo ni intaneti. Tangazo lake lilikuwepo miaka kabla. Mtu wa kulisoma na kulipeleka kwenye bajeti ni akitekti, maana meneja wa mradi anaangalia dedilaini ya mwezi huu na deva anaangalia tiketi yake.

Kupata hela ya kazi kama hiyo ni kugumu, nakubali, kwa sababu bosi haoni kitu kipya kwenye skrini. Mimi nashauri usiiombe kama mradi peke yake. Kila mara biashara wakitaka kitu kipya kwenye eneo fulani, unasema eneo hilo tutalijenga upya kwenye Flow hapo hapo, unaihesabu ndani ya gharama. Maeneo yanayoguswa sana yanajisafisha yenyewe, yasiyoguswa unayapangia mwishoni.

Sandiboksi na data za watu

Kwa ufupi. Sandiboksi ya Full (yenye nakala ya data zote) inaweza kurudishwa upya, yaani kunakiliwa tena kutoka laivu, kila baada ya siku 29, Partial (sehemu ya data) siku 5, Developer (bila data) kila siku. Kwa hiyo Full ilindwe, isiwe uwanja wa mtu kujaribia vitu. Barua pepe za watumiaji wa mfumo sandiboksi inaziongezea .invalid zenyewe, lakini barua pepe na simu za wateja wako zinabaki kama zilivyo, na intagresheni yako ya meseji kama imenakiliwa na funguo za laivu itawatumia wateja halisi meseji za majaribio. Kila baada ya kurudisha upya kuwe na skripti inayobadilisha funguo na anwani, ikimbie kabla mtu yeyote hajaingia.

Na hiyo Full ina data zote za wagonjwa wako, na wakandarasi wangapi wana logini yake? Tanzania Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ni ya 2022, ilianza kutumika 1 Mei 2023, kuna Tume kabisa. Kenya yao ni ya 2019 na kuna Kamishna. Zote mbili taarifa za afya zinazihesabu nyeti na zote zina masharti ya kupeleka taarifa nje ya nchi, na klaudi yako kwa asilimia kubwa iko nje ya nchi. Mwanasheria atakuuliza fildi hii iko kwenye seva ya nchi gani, inapita wapi, nakala ziko ngapi. Kama mchoro huo huna, hakuna mwingine anao. Ziwekee barakoa data za Full (majina na namba halisi zisitambulike) na punguza logini.

Kebo ikikatika

Tarehe 12 Mei 2024 kebo za baharini za EASSy na Seacom zilikatika upande wa Afrika Kusini na ukanda wetu mzima intaneti ikawa ya kusuasua siku kadhaa. Kama mfumo wako ulikuwa unahitaji klaudi ili mgonjwa apokelewe hospitali, mgonjwa alisimama kaunta. Kwenye mchoro wako pitia kila kazi ujiulize hii ikikosa intaneti saa nzima nini kinatokea, ikikosa siku nzima je. Ripoti ya mauzo ingoje. Uhakiki wa mwanachama hospitali haungoji, hapo unahitaji nakala ndogo ya orodha ya wanachama iliyo karibu, ndani ya nchi, inayojisasisha mara kwa mara. Watu wengi wanasema tutaweka USSD, sawa, ila USSD ambayo nyuma yake inakwenda kuuliza seva ya Ulaya inategemea kebo ile ile.

Andika kwa nini

Kila uamuzi usiorudi nyuma uandikie karatasi moja, isizidi ukurasa. Mfano wa namna ninavyoandika:

"Malipo ya simu hayaingii Salesforce moja kwa moja, yanapita foleni. Sababu: matengenezo, kufuli za rekodi mwisho wa mwezi, kolbaki kurudia. Tulichokikataa: kupokea kwa Sites (kurasa za Salesforce zilizo wazi kwa nje), ni nafuu lakini likikosekana jibu malipo yanapotea. Gharama tunayokubali: huduma moja zaidi ya kutunza, na malipo kuonekana kwa kuchelewa kidogo. Tutafikiria upya kama: malipo yatahamia benki moja yenye API ya kuaminika. Walioamua: akitekti, mkuu wa fedha, mkuu wa TEHAMA."

Mistari ya muhimu hapo ni tulichokikataa na tutafikiria upya kama. Mwaka kesho anakuja mkandarasi mpya anasema mbona hii foleni ni mzigo tuitoe, unamfungulia anasoma, kama sharti la kufikiria upya limetimia mnaitoa bila ugomvi, kama halijatimia kikao kinaisha mapema. Na wewe ukihama kazi, atakayekuja hatabomoa ukuta bila kujua ulikuwa unazuia nini.

Unapokaa na mabosi, kodi waachie madeva. Watakwambia zege halilali, tunataka kabla ya mwezi kuisha. Wape njia mbili na bei zake: tukifanya hivi tunamaliza mwezi huu lakini mkiongeza nchi ya tatu mtalipa tena kuanzia mwanzo, tukifanya vile ni mwezi mmoja zaidi na nchi ya tatu itaingia kwa seting tu. Alafu waamue wao, na wewe uandike walichoamua na sababu zao, hata kama ungependa ile nyingine. Bosi mwenye taarifa kamili mara nyingi anaamua vizuri, na akichagua njia ya mkato kwa sababu hela haipo, hiyo nayo ni sababu halali, iingie kwenye karatasi.

Kama mradi unaupokea kutoka kwa mkandarasi, kabla hujasaini makabidhiano dai hivi: kodi yote iwe kwenye Git (ghala la kodi) ya kampuni yenu na sio yao, akaunti za admini ziwe kwa majina ya watu wenu, orodha ya kila intagresheni na mtumiaji wake na funguo yake inaisha lini, wamiliki wa vyeti vya usalama, na waonyeshe mbele yako wanadiploi kutoka sifuri mpaka sandiboksi tupu inafanya kazi. Hilo la mwisho wengi wanalikwepa. Likae kwenye mkataba, na malipo ya mwisho yasitoke mpaka lifanyike.